Mfinyanzi Hulia Gaeni

Ukisafiri kutoka Kakamega kwenda Kisumu utapita Ilesi, na kando ya njia utaona vyungu na mitungi vimepangwa vikingoja wanunuzi. Yawezekana, msomaji, umepita hapo mara nyingi na vitabu kwapani, ukasema moyoni kwamba kazi ile ni ya watu wasiosoma. Nakuomba usimame kidogo. Je, elimu ya mkono ni duni kuliko elimu ya kitabu?

Mfinyanzi anajua kuwa udongo mtupu hupasuka kwa jua au kwa moto. Kwa hiyo huuchanganya na mchanga au vigae vilivyopondwa. Mchanga ukizidi, udongo haufinyangiki. Ukipungua, chungu hupasuka. Elimu yake imo katika kadiri.

Sasa tazama maabara za ulimwengu. Wataalamu hutengeneza wino wa kauri wa kuchapwa juu ya plastiki nyembamba, ili vyombo vya umeme viweze kukunjika kama nguo. Wino huo ukikauka haupitishi umeme. Hukaa kati ya tabaka mbili za metali, na kwa kuuzuia umeme usivuke, huwezesha chombo kuuweka akiba. Unga wake mara nyingi ni bariamu titanati. Kauri hiyo huiva kwa moto unaozidi nyuzi 1,000, lakini plastiki nyingi huyeyuka kabla ya nyuzi 300. Basi unga huchomwa kwanza peke yake, kisha husagwa laini na kuchanganywa na gundi ya plastiki. Unga ukizidi, utando hupasuka unapokunjwa. Ukipungua, akiba ya umeme huwa haba.

Sisemi kwamba kitabu ni bure. Mtaalamu hupima kwa mizani, na kipimo chake huweza kurudiwa na mtu wa mbali asiyemjua. Mfinyanzi hupima kwa vidole, na vidole haviandikiki. Lakini swali lao ni moja, na hakimu wao ni mmoja: udongo, usiokubali kubembelezwa wala kudanganywa.

Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni. Ni kweli, lakini aibu ya methali hiyo si yake; ni yetu sisi tunaopikia vyungu vyake na kumdharau. Kwa hiyo, ukipita tena Ilesi, mwamkie mama mfinyanzi. Muulize bei ya chungu, kisha muulize na kadiri ya mchanga.