Shuka Ndanda, Upande kwa Miguu

Maji ya chupa ya Ndanda Springs unayanunua kupitia dirisha la basi, unayamaliza kabla ya kufika Masasi, na mlima ulioyatoa unaupita umesinzia. Ukitokea Lindi au Mtwara upo kushoto kwako: ukingo mrefu wa kijani unaofuatana na barabara. Ndipo unapoanzia uwanda wa juu wa Makonde. Umepita chini yake mara ngapi? Na umeshuka mara ngapi? Nawajua wenzangu wa kusini. Ndanda tunashuka tukiwa na mgonjwa wa kumpeleka Hospitali ya Mtakatifu Benedikto, au mtoto anayeripoti shule na tranka lake. Mgonjwa akipona, mtoto akipokelewa, tunarudi barabarani kungoja gari. Macho hata hayajavuka paa la hospitali.

Jumamosi hii shuka huna mgonjwa. Shuka na viatu vilivyokwisha kukuzoea mguuni, maji ya kutosha, kofia, na mtu mmoja wa kupiga naye soga. Kisha panda.

Majibu yako nayajua. "Kupanda milima ni mambo ya watalii, huko Kilimanjaro." "Sisi kutembea ndiyo maisha yetu, leo tutembee tena kwa starehe?" La kwanza halina uzito. Kilimanjaro inadai ada ya hifadhi, waongozaji na siku kadhaa za likizo. Ukingo wa Makonde unadai nauli. La pili ndilo la kuulizana vizuri. Nani hasa anatembea siku hizi? Mwalimu anakwenda shuleni kwa bodaboda. Karani wa chama cha msingi anakwenda ghalani kwa bodaboda. Kijana aliyemaliza kidato cha nne ndiye mwenye bodaboda yenyewe. Waliobaki kutembea ni bibi zetu, nao wamechoka. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima aushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Asubuhi moja ya kupanda na kushuka ukingo ule inazimaliza zote, na chenji inabaki.

Njia zipo, wala hazikuchorwa na idara yoyote ya utalii. Zilichongwa na kiu. Juu ya uwanda ardhi ni ya mchanga. Mvua ikinyesha inazama, mito haikai. Maji hayo yanakwenda kutokea chini, pembezoni mwa ukingo, kwenye chemchemi kama zile za Ndanda. Wamakonde waliishi juu, ndani ya vichaka vizito, mbali na wavamizi waliokuwa wakisaka watu wa kuwauza. Walipata usalama, lakini maji yalibaki bondeni. Basi mwanamke alishuka na mtungi mtupu na kupanda na mtungi uliojaa, mwaka baada ya mwaka. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906 na msafara wa wapagazi baada ya kupita Lindi na Masasi, aliikuta shida hiyo ya maji na kuiandika. Miradi ya kusukuma maji hadi juu ilianza miaka ya 1950, na mpaka leo wapo wanaohesabu siku maji yatakapotoka bombani. Kwa hiyo ukijikuta unahema katikati ya mwinuko na kutaka kurudi, kumbuka kwamba bibi wa mtu alipita papo hapo na mzigo kichwani, na hakuna aliyempiga picha.

Wewe usiye na gari, sikia na hili. Una faida ambayo mwenye gari hana. Yeye akishaegesha amejifunga kamba: aende atakako, lazima arudi palepale. Wewe unashukia hapa na kupandia kule. Barabara ya lami ya Masasi magari yanapita kutwa nzima. Unaweza kushuka Ndanda, ukafuata njia za mashambani chini ya ukingo kuelekea upande wa Chikundi, mlima ukiwa kushoto kwako muda wote. Ukichoka, kata kulia, utatokea lami. Punga mkono. Hiyo ndiyo safari ya kuanzia kwa mtu ambaye magoti yake yamezoea kiti cha ofisi.

Mwenye nguvu zaidi apande Ndanda kwenyewe. Wabenediktini walihamia hapo mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Nyangao na Lukuledi kuteketezwa katika Vita vya Maji Maji. Waliweka makao chini ya chemchemi, na hilo ndilo kila mgeni analiona akianza kupanda nyuma ya misheni: kivuli, miti mikubwa, ubaridi usioutegemea. Omba ruhusa kwanza, maana chanzo cha maji kinanywewa na wengi, si mahali pa kuogea. Ukifika juu, geuka. Bonde la Lukuledi lote limelala mbele yako, na basi ulilokuja nalo lingekuwa doa tu barabarani.

Masasi mjini huhitaji hata daladala: vilima vya mawe vimeuzunguka mji, na chini ya kilima cha Mtandi lipo kanisa kuu la Waanglikana. Askofu Edward Steere, yule aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili, alifika Masasi kwa miguu kutoka Lindi mwaka 1876 akiwa na watu waliokombolewa utumwani. Wakaanzisha kijiji hapo. Ukipanda vilima hivyo, jiwe likilowa mvua liache, linateleza vibaya.

Halafu Newala. Gari kutoka Masasi linapanda uwandani, wewe umekaa, na mji uko juu tayari. Tembea hadi Shimo la Mungu. Ardhi inakatika ghafla, bonde la Ruvuma linafunguka, na ng'ambo ni Msumbiji. Mimi nasema hakuna sehemu ya kusini inayompa mtu mengi hivi kwa nauli ndogo hivi. Lakini jihadhari: Ndanda unapanda ukiwa na nguvu mpya na kurudi ni mteremko; Newala unashuka kwa raha na deni unalilipa wakati wa kurudi, saa sita, jua la utosi. Shuka kidogo kuliko unavyotamani.

Nenda kuanzia Mei, mvua zikikatika. Mikorosho ikianza maua, wakulima hupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga, na vumbi lile likikuingia machoni safari imeharibika. Ukisikia mashine inanguruma shambani, zunguka. Korosho iliyoanguka chini ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, iache ilipo. Ukimkuta mzee njiani, shikamoo kwanza, njia baadaye: "Babu, ya kwenda juu ni ipi?" Atakuonyesha, na pengine atakupa mjukuu wa kukusindikiza. Mjukuu huyo mpe chochote. Mwenyekiti wa kitongoji naye ajue mpo, hasa upande wa Newala karibu na mpaka. Ukiona ming'oko imechemshwa inauzwa kando ya njia, nunua.

Na kabla hujashuka, muulize konda gari la mwisho la kurudi linapita saa ngapi. Akitaja saa kumi na mbili, wewe uwe barabarani saa kumi.

Sasa mpigie yule utakayekwenda naye. Akikwambia Jumamosi ana kazi, mtafute mwingine. Magari ya alfajiri ya stendi ya Masasi hayamngoji mtu anayejadiliana na shuka lake.