Bendera Inayotangulia Harusini

Flambura haipandishwi kwenye mlingoti wa serikali. Ni bendera ya harusi ya Waaromania, watu wa milima ya Balkani ambao lugha yao, kama Kiromania, imetokana na Kilatini. Marafiki wa bwana harusi huchukua mti mrefu, wakafunga kitambaa, juu wakaweka msalaba, na kwenye ncha tatu za msalaba huo wakachomeka matufaha. Kisha kijana huibeba mbele ya msafara, akicheza nayo.

Nchi yao wenyewe hawana. Wametawanyika Ugiriki, Albania, Makedonia Kaskazini, Bulgaria na Romania. Wengi walikuwa wafugaji wa kondoo: kiangazi wako milima ya Pindus, baridi ikianza wanateremka tambarare za Thessaly. Mwaka 1905 Sultani Abdul Hamid II wa Dola ya Osmania aliwatambua rasmi kuwa jumuiya, na hadi leo wengi huadhimisha tarehe 23 Mei. Dola ya Sultani imekwisha zamani. Flambura haikuhitaji sahihi yake.

Wala haimuulizi mtu uraia. Huko Ugiriki, ambako Waaromania huitwa Wavlachi, wengi hujiita Wagiriki na Wavlachi kwa pamoja, na ukiwaambia wachague moja utaondoka na aibu yako. Mmoja wao, Georgios Averoff, mzaliwa wa Metsovo, alitoa fedha za kuukarabati uwanja wa Olimpiki ya Athens ya 1896.

Lakini wazee waliacha pia laana. Shairi la Constantin Belimace, ambalo Waaromania wengi wanalichukua kuwa wimbo wao wa taifa, linamwapiza anayeitupa lugha yake: asione raha ya familia, asibusu mataji ya harusi. Uchungu wake nauelewa. Ila laana haijapata kumfundisha mtoto kusema. Hata sisi huwatisha vijana kwamba mwacha mila ni mtumwa, halafu shughuli ikifika tunawatuma wakapange viti.

Kule Samarina, kijiji chao kwenye milima ya Pindus, kila Agosti 15, waliohamia mijini hurudi kucheza Tsiatsios, ngoma ya duara kubwa, taratibu, wazee wakiongoza. Mjukuu asiyejua neno hata moja hushikwa mkono na kufuata hatua.

Ningekuwa mzee wao, shairi ningeliacha rafuni kwanza. Ningemkabidhi kijana mti mtupu: matufaha akayatafute mwenyewe, na maneno ya wimbo wa kumtoa bibi harusi akamuulize bibi yake.