Kanda ya Zamani, Kanda ya Sasa: Nani Ana Haki ya Kuhukumu?



Katika vijitabu kama hiki wengi wanaandika juu ya mahari, juu ya majina ya watoto, juu ya kilio na matanga. Sisi tumechagua jambo ambalo pengine hamtaliita desturi: mabishano ya jioni ya siku ya Mungu, pale watu wanapokaa chini ya mwembe, wanaweka kanda ya konseri ya orkestra moja, kisha wanaweka nyingine ya miaka ya nyuma, na kuanza kuulizana wakati gani ulikuwa mzuri zaidi. Hapa Bunia jambo hili ni la siku nyingi. Baba zetu walilifanya na radio-kaseti ya mawe, wakirudisha kanda kwa kalamu ya Bic ili mawe yasiishe haraka. Leo tunalifanya na telefoni. Kitu ambacho baba alifanya, mtoto akakifanya, nacho kina adabu zake, kwa nini tusikiite desturi?

Swali letu ni hili: je, ni haki kulinganisha zama? Na kama ni haki, nani anaweza kuhukumu: yule aliyekuwapo, ao yule anayesikiliza kanda tu?

Orkestra tunayobishania

Mabishano yetu yanaanza karibu kila mara na OK Jazz. Orkestra hiyo ilizaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 6 Juni 1956. Franco Luambo Makiadi, aliyekuja kuwa mkubwa wake, alikuwa bado hajatimiza miaka 18. Alibaki nayo hadi kifo chake huko Ubelgiji, tarehe 12 Oktoba 1989. Hiyo ni miaka 33. Ndani ya miaka hiyo waimbaji waliingia na kutoka, na kila aliyeingia alibadilisha sauti ya nyumba. Kuna wakati wa Vicky Longomba. Kuna wakati wa saksofoni ya Verckys, katika miaka ya 1960. Kuna wakati wa Sam Mangwana, kuanzia 1972. Kuna wakati wa Madilu System, aliyeingia 1980, na ambaye mwaka 1985 aliimba na Franco ule wimbo “Mario” uliovuka mipaka ya inchi yetu. Na kuna Simaro Lutumba na gita yake ya akompa, aliyekuwapo katika karibu zama zote hizo.

Basi mtu akisema “OK Jazz ya kweli”, lazima aulizwe: ile ya mwaka gani? Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Kisha anatokea mwingine anayesema OK Jazz yote ni ya wazee, yeye anataka Zaïko Langa Langa, iliyozaliwa Desemba 1969, ikaacha tarumbeta na saksofoni na kutia nguvu yote katika gita na ngoma. Aliye kijana kuliko huyo atataja Wenge Musica kabla ya kuvunjika kwake mwaka 1997. Kila mtu na wakati wake.

Tueleze pia kwa nini tunabishana kwa kanda za konseri na si kwa sahani za studio. Sahani ndogo ya zamani ilikuwa na nafasi kidogo: wimbo unakatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Konseri haikatwi vile. Sebene inaweza kwenda mpaka miguu ya wachezaji ikatae. Ndani ya kanda ya konseri unasikia gita ikikosea na kujirudia, unasikia mwimbaji akicheka, unasikia watu wakiitika. Ndiyo maana tunaamini kwamba pale orkestra inaonekana namna ilivyo. Kumbe hata pale sikio linaweza kudanganyika.

Jambo lililotupata

Siku moja, kwenye kiwanja cha nyumba huko Mudzipela, mzee mmoja wa kundi letu alileta kanda. Aliinasa kutoka radio ya taifa, wakati inchi ingali ikiitwa Zaïre. Mwezi wa Mei 2003, vita ilipoingia ndani ya mji na watu wakakimbia, yeye alitoka na jamaa yake, godoro moja, na kanda tatu mfukoni. Kanda nyingine zote zilikwenda na nyumba. Juu ya hiyo moja kuliandikwa kwa wino: 1975.

Akaiweka. Akafunga macho. Sebene ilipoingia akasema: “Sikieni vile banapiga! Hii ndiyo OK Jazz. Kisha ya 1980 ilibaki biashara tu. Nyinyi batoto hamukukuwaka, hamuwezi kujua.”

Hakuna aliyejibu. Kati yetu alikuwapo binti mmoja, mwanafunzi, anayeimba katika kwaya ya kanisa na mwenye sikio kali. Sisi tuliokaa karibu naye tulimwona anafungua kinywa, kisha anakifunga. Tulipokuwa njiani kurudi alituambia polepole: “Ile sauti ya pili, ni Madilu.”

Tukahesabu. Madilu aliingia OK Jazz mwaka 1980. Kanda haiwezi kuwa ya 1975. Kile kitu mzee alichokitumia kutuonyesha kwamba kisha ya 1980 muziki ulikufa, chenyewe kilikuwa cha kisha ya 1980.

Juma lile tulibishana zaidi juu ya binti kuliko juu ya kanda. Wengine walisema angesema palepale, kwa maana ukweli hauna mukubwa. Wengine walijibu kwamba mtoto haangushi mzee mbele ya watu, tena juu ya kitu alichokitoa ndani ya vita. Na mwingine akauliza swali ambalo lilitunyamazisha: kama tunanyamaza kila mara mzee anapokosea, tunamheshimu, ao tunamwacha peke yake?

Binti hakungoja tumalize. Alimwendea mzee nyumbani kwake, jioni, akaanza na salamu. Hakumwambia kwamba amekosea. Alitoa telefoni, akamwekea nyimbo mbili tatu za Madilu, akauliza: “Papa, huyu anayeimba ni nani? Nafasi gani nyingine umemusikia?” Mzee alisikiliza muda mrefu. Akaleta kanda yake.

Siku ya Mungu iliyofuata alisimama mwenyewe mbele yetu. Alisema: “Ile kanda si ya 1975. Karatasi yake ilipotea mu vita, mwaka niliandika kwa kukumbuka tu. Ni Madilu anaimba.” Akakaa. Kisha akaongeza: “Na bado iko muzuri.”

Vitu vinavyodanganya sikio

Tangu siku ile tumejiuliza sana kosa lilitoka wapi. Mzee si mwongo, na masikio yake ni mazima. Wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kila mmoja wetu anavuta ngozi upande wa ujana wake. Mzee alipofunga macho alisikia gita, lakini alisikia pia nyumba iliyokuwa ingali imesimama na majirani ambao walikuwa hawajatawanyika. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Ila vitu hivyo havikupigwa na orkestra, na haviwezi kuwa ushahidi juu yake. Kijana naye asicheke. Kesho atamwambia mwanawe kwamba muziki uliisha siku alipomaliza masomo.

Kitu cha pili ni ungo. Kunakili kanda kulikuwa na gharama: lazima kanda tupu, mawe, saa nzima ya kungoja. Nani angepoteza hayo kwa konseri mbaya? Usiku ambao waimbaji walichoka na gita zilikosana haukunakiliwa, ao ulifutwa na kunasiwa juu yake. Leo telefoni inanasa kila kitu, kizuri na kibaya. Basi tunaweka mchele uliopepetwa kando ya ule ambao ungali na makapi yake, halafu tunasema shamba la zamani lilikuwa bora.

Tena kuna yaliyonasiwa na hatukuyapata. Mwezi wa Septemba 1974 ilifanyika tamasha kubwa Kinshasa, kwenye Stade du 20 Mai, kabla ya pigano la Muhammad Ali na George Foreman la tarehe 30 Oktoba. Franco na OK Jazz walipiga, Tabu Ley Rochereau alipiga, Abeti aliimba. Sauti za wanamuziki hao wa Afrika zilikuja kutolewa kwenye sahani mwaka 2017. Hiyo ni miaka 43. Wakati wote ule watu walihukumu mwaka 1974, na shahidi alikuwa amefungiwa ndani ya kabati.

Kitu cha tatu ni kulinganisha visivyofanana. Mtu analeta sahani ya studio ya 1965 na kuishindanisha na konseri ya 1985. Ao analeta kanda iliyonasiwa katikati ya watu, ambayo imenakiliwa mara tano mpaka inalia kama mvua juu ya bati, na anafikiri ile mvua ndiyo uzee wa muziki. Na kuna kulinganisha ambako ni dhuluma kabisa. Septemba 1989 Franco alipanda jukwaani Amsterdam akiwa mgonjwa sana. Majuma machache baadaye alikufa. Mtu akituletea usiku ule ili aseme “oneni vile alianguka”, tunamkatalia. Usiku ule tunausikiliza kwa heshima, hatuupimi.

Je, basi yote ni sawa?

Hapana. Kuna ndugu waliotuambia: kila zama na kitabu chake, acheni kuhukumu. Sisi hatukubali. Asiyehukumu kitu hajakisikiliza kweli.

Tuchukue mfano wa mabanga, ile tabia ya kuita majina ya matajiri ndani ya wimbo ili walipe. Katika konseri nyingi za karne hii majina yanafuatana mpaka wimbo unasahauliwa. Tunasema wazi kwamba hiyo ni hasara. Lakini mzee asifurahi mapema. Mwaka 1973 Franco mwenyewe alitoa wimbo wa kusifu Azda, wauzaji wa magari, na ulipendwa sana. Mwaka 1984 alitoa wimbo wa kumsifu Mobutu kama mgombea. Na Franco huyohuyo alifungwa mwaka 1978 juu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Mtu mmoja, orkestra moja, mambo tofauti.

Vilevile atalaku. Zaïko ilipoanza kumtia atalaku mbele ya jukwaa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee wengi waliona ni kelele. Leo hao hao, sebene ikikosa mwenye kuita, wanauliza ameenda wapi. Kilichoitwa uharibifu kimekuwa sehemu ya urithi. Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO ilipoandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu, haikuandika rumba ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo tunaona hivi: tuhukumu tendo moja moja, sauti moja moja, usiku mmoja mmoja. Zama si mtu. Haina moyo wa kusifiwa wala mgongo wa kupigwa. Anayesema “muziki ya zamani yote” ao “batoto ba sasa bote” amefunga kesi kabla ya kusikia mashahidi. Nasi wa Ituri tunajua jambo hilo linaweza kufika wapi. Katika miaka ya vita, 1999 hadi 2003, tuliona watu wakihukumiwa kwa jina la kundi lao, na hakuna aliyeuliza huyu mmoja alifanya nini. Mabishano juu ya kanda ni mchezo, tunakubali. Lakini mtoto anajifunza kuhukumu katika michezo. Akizoea chini ya mwembe kusikiliza mpaka mwisho ndipo aseme, labda atafanya vile hata mahali penye uzito zaidi.

Na aliyekuwapo, je, ana haki kuliko asiyekuwapo? Tunaona kila mmoja ana nusu. Mzee anajua namna watu walivyocheza, kanda haionyeshi miguu. Binti anajua sauti, kwa maana moyo wake haukuvutwa na mwaka ule. Bila mzee kanda isingetoka Bunia mwaka 2003. Bila binti ingebaki na jina lisilo lake.

Desturi yetu sasa ina adabu tatu. Kanda inasikilizwa mpaka mwisho kabla ya mtu kusema. Konseri inashindanishwa na konseri. Na anayetaka kumsahihisha mwenzake anasema juu ya sauti, hasemi juu ya umri.

Ile kanda ingali kwa mzee, na binti ameinakili ndani ya telefoni yake na kwenye komputa ya kaka yake, ili isitegemee tena mfuko mmoja. Juu yake 1975 imefutwa. Hatukuandika mwaka mwingine, kwa sababu hatuujui. Tumeandika majina ya wale tuliowatambua. Mpiga gita ya mi-solo bado hatujakubaliana ni nani. Msomaji anayeweza kumtambua kwa sikio, karibu Mudzipela siku ya Mungu, kisha ya misa.