Kabla Hujapanda Basi

Huenda uko stendi ya Handeni sasa hivi, unasubiri gari la Korogwe. Ni kilomita 65 za lami. Wengi hudhani ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini msiba una siku zake, na mgonjwa hana ratiba. Utalala huko.

Kufuli umefunga. Nani umemuaga?

Wazee wetu walikuwa na balozi wa nyumba kumi, utaratibu ulioanzishwa na chama cha TANU miaka ya 1960. Balozi alijua nani kasafiri na nani kaingia na begi usiku. Wasukuma na Wanyamwezi walipoanzisha ulinzi wa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao walianzia hapo hapo: watu kufahamiana. Ukuta hauchukui nafasi ya jirani: mimi naamini ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu unamficha mwizi akishauruka.

Mwizi anasoma uwanja. Majani yasiyofagiwa siku tatu, taa ya barazani inayowaka mchana kutwa. Basi mpe jirani ufagio. Mwombe azime taa asubuhi, awashe jioni, alishe kuku.

Na simu ya jirani, unayo? Iandike kabla kondakta hajagonga bodi.