Haki ya Mkazi Kusikilizwa: Shura, Ujirani na Ujenzi Mpya wa Ng'ambo

Suala la nani ashauriwe pale kitovu cha mji kinapojengwa upya huchukuliwa mara nyingi kuwa la kiutawala tu, linalomalizwa kwa mkutano mmoja wa hadhara na orodha ya mahudhurio. Kiini chake, hata hivyo, ni swali la maadili, kwa kuwa linauliza iwapo mkazi husikilizwa kwa hisani ya mwenye mamlaka au kwa haki yake mwenyewe. Swali hilo lina uzito wa pekee Ng'ambo, sehemu ya mji wa Zanzibar iliyokua mashariki ya Mji Mkongwe, upande wa pili wa hori lililokwisha kufukiwa, ambayo mipango ya karibuni inaitaka iwe kitovu kipya cha mji.

Ng'ambo haikuwahi kuwa ardhi tupu inayomsubiri mchora ramani. Sehemu ya viwanja vyake ilikuwa wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ili manufaa yake yaendelee kwa ajili ya Mungu, na viwanja vingine vilikuwa vya matajiri. Wakazi walijenga nyumba zao za udongo juu ya ardhi isiyo yao, na wamiliki walipowabana kwa kodi ya viwanja, waligoma kulipa mwaka 1928. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa dola, na mpango mkuu wa mji wa 1968, uliotayarishwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ukaleta maghorofa marefu ya Michenzani mahali palipokuwa na nyumba hizo. Nia ya kumpatia mnyonge makazi bora ilikuwa njema, lakini mpango wenyewe ulishuka kutoka juu, na mtaa ulioondoka ulikuwa na ujirani usiojengeka kwa zege.

Katika mafunzo ya Uislamu, ambayo ndiyo dini ya wakazi walio wengi wa Ng'ambo, jambo hili huingia chini ya shura, yaani wajibu wa kushauriana katika mambo yanayowahusu watu wote. Qur'ani ina sura nzima yenye jina hilo, ya 42, lakini hoja nzito zaidi imo katika sura ya 3, ambako Mtume mwenyewe anaamriwa kushauriana na wafuasi wake. Amri hiyo imekuja katika maelezo ya vita vya Uhud, ambapo Mtume alifuata rai ya waliotaka kutoka nje ya Madina na Waislamu wakapata pigo kubwa. Kwa hiyo, ushauri haukuamrishwa kwa sababu wanaoshauriwa hawakosei, na anayedai kuwa wakazi wasiulizwe kwa kuwa hawana utaalamu hawezi kuitegemea dini katika dai lake.

Mapokezi ya wanahistoria wa Kiislamu yanatoa mfano ulio karibu zaidi na upangaji wa miji. Khalifa Umar, alipotaka kuupanua Msikiti wa Mtume mjini Madina, alihitaji nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, naye Abbas akakataa kuitoa. Wawili hao wakapeleka shauri lao kwa Ubayy bin Ka'ab, ambaye hukumu yake haikuwa upande wa khalifa, na ni baada ya hukumu hiyo ndipo Abbas alipoitoa nyumba kwa hiari bila malipo. Maslaha, yaani manufaa ya umma, yalikuwa ya kweli kabisa, na bado hayakumpa mtawala ruhusa ya kumruka mwenye nyumba. Ridhaa ya Abbas ilipata thamani yake kwa sababu kukataa kwake kulikuwa kumeheshimiwa kwanza.

Inaweza kupingwa kwamba Abbas alikuwa mmiliki, ilhali wengi wa Ng'ambo hawana ardhi. Lakini haki ya jirani katika mafunzo hayo hayo haitokani na hati ya kiwanja. Hutokana na kuishi pamoja na kupatwa na madhara pamoja. Baraza la saruji mbele ya nyumba, ambalo katika ramani huonekana kama kizuizi cha njia, ndipo wazee wanapokaa jioni kunywa kahawa huku wakiwatupia macho watoto wanaocheza kichochoroni, na elimu hiyo ya mahali anayo aliyekaa hapo, awe mwenye nyumba au mpangaji.

Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioendeshwa katika muongo wa 2010, ulielekea njia hiyo kwa kuorodhesha pamoja na wakazi mahali wanapopathamini kabla ya kuamua kipi kijengwe. Haki ya kusikilizwa haimpi mkazi mmoja uwezo wa kuzuia mfereji wa maji machafu unaohitajiwa na mtaa mzima. Inachomdai mpangaji mji ni kwamba aulize mapema, wakati ramani bado inabadilika, aeleze kwa sababu zilizo wazi rai aliyoikataa, na asimwondoe mtu kabla hajamhakikishia mahali pa kuishi. Mamlaka inayofanya hivyo haitoi zawadi, inalipa deni.