Mdogo Wako Akikuambia, "Usimwambie Mtu"



Wapendwa vijana, shule zikifungwa mwezi Juni au Desemba nyumba zetu hujaa tena. Wadogo zetu wanarudi na matranka yao, nguo chafu na ripoti. Swali la kwanza tunalowauliza tunalijua wote: "Umekuwa wa ngapi?" Tukishajibiwa, tunadhani tumeshawajua.

Lakini likizo si pumziko kwa kila mtoto. Shuleni kuna kengele. Kuna saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya mpira, kuna rafiki wa dawati moja, na pengine mwalimu anayeng'amua mapema kwamba leo fulani hayuko sawa. Shule ikifungwa, hayo yote yanaondoka siku moja. Mtoto mwenye huzuni nzito au hofu isiyoisha anabaki na mawazo yake na simu. Na tusiseme haya ni mambo ya Wazungu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba, duniani kote, mmoja kati ya kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili.

Sasa tuje kwenye swali gumu. Mdogo wako anakufuata usiku, anasema, "Kaka, niahidi hutamwambia mtu." Unaahidi. Kisha anakwambia amechoka kuishi. Utafanyaje? Ahadi ni deni, ndivyo tulivyolelewa. Ukisema, utaonekana msaliti. Ukinyamaza, unaweza kuja kumzika.

Swali hili lina ndugu yake wa zamani sana. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri, Socrates anauliza: rafiki akikuachia silaha yake akiwa na akili timamu, kisha akaja kuidai akiwa amechanganyikiwa, umrudishie? Silaha ni yake, na deni ni deni. Hata hivyo kila mtu anaona kwamba hapana. Kwa nini? Kwa sababu tunalipa deni kwa ajili ya wema wa mtu, hatulipi ili limwangamize. Ukimya anaoudai mdogo wako usiku ule ndiyo silaha yenyewe. Usimrudishie.

Utaniambia, "Frateri, nikisema, hataniamini tena." Hoja hiyo ni nzito, ndiyo maana namna ya kusema ni muhimu sawa na kusema kwenyewe. Usimzunguke. Mwambie wazi: "Nakupenda, hili siwezi kulibeba peke yangu, twende wote kwa mama." Kama anayemuumiza yumo humo humo ndani, mtafuteni shangazi, mwalimu au katekista mnayemwamini. Na kuanzia leo, ukiombwa ahadi kabla ya kusikia jambo, jibu hivi: "Nitakutunzia siri, ila uhai wako ukiwa hatarini nitatafuta msaada."

Wapo watakaosema mtoto anadeka, au imani yake ni haba. Basi tumwangalie nabii Elia. Alikaa chini ya mti jangwani akamwomba Mungu afe, na hakuna anayesema Elia hakuwa na imani. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji, akaachwa alale tena, akalishwa tena, ndipo safari ikaendelea. Mazungumzo yalikuja baadaye.

Mtakatifu Thoma wa Akwino naye, alipoandika juu ya dawa za huzuni, alitaja kulia, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, hata kulala na kuoga. Alieleza kwamba rafiki akihuzunika pamoja nawe, unatambua kuwa unapendwa, na hilo lenyewe linapunguza uchungu. Kwa hiyo unaweza kuanza kesho asubuhi. Mwamshe kwa saa ile ile kila siku, kuleni pamoja, nendeni kuchota maji au sokoni mkiongea. Akilia, usimwambie anyamaze.

Kuna huzuni isiyoondoka kwa mazungumzo. Hapo apelekwe hospitali, kama tunavyofanya kwa malaria: tunasali, na dawa ya mseto tunameza. Tanzania ipo namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure. Ipo pia Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Lakini akisema anataka kufa, usisubiri kesho. Usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa zilizo karibu, mpeleke kituo cha afya usiku huo huo.

Ripoti ya shule tutaisoma tu, haina haraka. Kabla shule hazijafunguliwa, mpe mdogo wako jioni moja, simu ukiwa umeizima. Muulize anaendeleaje, halafu subiri jibu.

Mungu awabariki.