Mkono Unaokosa Shabaha

Soma 1 Samweli 1:9–18 na Yohana 7:24. Eli aliona nini kwa Hana, na ni nini ambacho hakuweza kukiona?

Kisogoni, chini ya ubongo mkubwa, Muumbaji ameweka serebela, yaani ubongo mdogo. Ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini imebeba zaidi ya nusu ya seli zake za neva. Mkono unapokwenda kushika kikombe, serebela hulinganisha mwendo uliokusudiwa na mwendo unaofanyika, kisha husahihisha kasi, nguvu na mahali pa kusimama. Upande wake wa kulia huongoza mkono wa kulia, na wa kushoto mkono wa kushoto.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Gordon Holmes aliwachunguza askari waliojeruhiwa serebela kwa risasi. Walijua walichotaka kufanya, lakini mkono wa upande uliojeruhiwa ulipita shabaha, ukatetemeka kadiri ulivyoikaribia.

Mtu wa namna hiyo akipita sokoni Songea, ambako ulanzi si kitu kigeni, hukumu hutoka haraka: amelewa. Ni kweli kwamba pombe huivuruga serebela hiyohiyo. Lakini kiharusi, uvimbe au jeraha la ajali ya bodaboda huweza kuleta dalili zilezile kwa mtu ambaye hajaonja hata tone. Anayeanza kuyumba ghafla anahitaji kuwahishwa hospitali, si kuchekwa.

Swali gumu zaidi linamhusu aliyekunywa miaka mingi, kisha akaacha. Pombe inaweza kuiharibu serebela kiasi kwamba anaendelea kuyumba hata baada ya kutubu. Washiriki wanaona hatua zake za zamani. Mungu anautazama moyo (1 Samweli 16:7). Aliyesamehewa anaweza kubaki na alama ya dhambi mwilini bila kubaki na dhambi yenyewe. Kutaka mkono utulie kwanza ndipo toba yake iaminiwe ni kumdai asichoweza kutoa.

Eli alikosea, lakini alisikiliza jibu la Hana, akaigeuza lawama yake kuwa baraka.

Kwa majadiliano: Ni nani katika kanisa lenu anayehukumiwa kwa mwili wake? Je, kuna aliyewahi kumwuliza habari zake na kumsikiliza?